Maumivu ya Kiuno Yasiyosikia Dawa: Tuitazame na Nyonga

Mada hii ilitolewa mbele ya wajumbe wa kamati za afya za parokia za ukanda wa pwani ya Mtwara. Tunaichapisha hapa ili isomwe vigangoni, na ili wafadhili wetu wapate picha ya safari ya mgonjwa kutoka kijijini hadi ajue anaumwa nini.

Nimeombwa nieleze habari ya maumivu ya kiuno, hususan yale yanayotokana na magonjwa ya mifupa ya nyonga ambayo hatuyaoni kila siku. Nitajitahidi kutumia lugha ya nyumbani.

Maumivu ya kiuno ni ya wengi. Takwimu za kimataifa za mwaka 2020 zinaonyesha kwamba watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa nayo. Kwetu hapa sababu zinafahamika. Msimu wa korosho, mama anainama kuokota tangu asubuhi hadi jua kali. Maji yakipwa, wanawake wa Msimbati na Mikindani wanainama miambani kutafuta pweza na chaza. Mvuvi anavuta nyavu, kijana anabeba magunia ya chumvi, bodaboda anapita kwenye mashimo. Kwa hiyo mtu akisema kiuno kinamuuma, tunamjibu kwa haraka: "Ni kazi hizo, pumzika."

Jibu hilo mara nyingi ni sahihi. Katika kila wagonjwa kumi wa kiuno, takriban tisa hawana ugonjwa mahususi wa mfupa unaoweza kuonyeshwa kwa kipimo. Hao hupata nafuu kwa kuendelea kutembea, kufanya mazoezi, kubadilisha namna ya kuinua mizigo na kutumia dawa za maumivu kwa muda mfupi. Hawahitaji picha wala safari ya Dar es Salaam. Nalisema hili mapema ili mtu yeyote asitoke hapa akiwa na hofu.

Leo hata hivyo nazungumzia yule mmoja anayebaki.

Nyonga ni nini hasa

Uti wa mgongo haukai hewani. Chini ya pingili za kiuno upo mfupa wenye umbo la pembetatu uitwao sakramu, na chini yake kabisa ni kitokono. Sakramu imebanwa kulia na kushoto na mifupa miwili mipana ya nyonga. Mifupa hiyo miwili inazunguka na kukutana mbele, kwenye kinena. Yote kwa pamoja inafanya kitu mfano wa bakuli lisilo na kitako, ambalo wataalamu huliita fupanyonga. Uzito wote wa kiwiliwili hupita hapo kabla ya kufika miguuni.

Mahali sakramu inapoungana na mifupa ya nyonga, upande huu na upande ule, pana viungo viwili vya nyuma. Ukigusa vile vishimo viwili vidogo vilivyo juu ya makalio, uko karibu navyo. Kiungo hicho kikiugua, mgonjwa hasemi "nyonga inaniuma." Anasema kiuno, au kalio, au paja kwa nyuma. Vilevile kichwa cha mfupa wa paja kikiugua, maumivu yanaweza kusikika kwenye kinena au hata kwenye goti. Hapa ndipo upotevu unapoanza. Mgonjwa anapigwa picha ya pingili za kiuno, picha inatoka safi, anaambiwa hana tatizo, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Ile picha ilitazama ghorofa ya juu wakati moto uko chini.

Magonjwa ambayo si ya kila siku

La kwanza ni kifua kikuu cha mifupa. Wengi tunajua kifua kikuu ni kukohoa. Lakini vijidudu hivi, ambavyo Robert Koch alivitangaza mwaka 1882, husafiri kwa damu na vinaweza kujificha kwenye mfupa. Mahali panapopendwa zaidi ni pingili za mgongo. Mara chache zaidi vinakaa kwenye kile kiungo cha nyuma cha nyonga, na kwa kawaida huwa upande mmoja tu. Mgonjwa anaumwa kalio la upande huo kwa miezi, anakaa kwa kuegemea upande mwingine, anachechemea. Pengine anapungua uzito na kutoka jasho usiku. Baadaye unaweza kutokea uvimbe kwenye kalio au kinena usio na joto, ambao watu huuchukulia kuwa jipu la kawaida na kuupasua. Jambo la kushika hapa ni kwamba mtu huyu anaweza kuwa hakohoi, makohozi yake yakapimwa yasionyeshe kitu, na hata picha ya kifua ikawa safi. Majibu hayo hayamwondolei shaka. Kinachohitajika ni kuchukua usaha au kipande kidogo kwa sindano pale penye ugonjwa na kukipima, ikiwemo kwa mashine ya GeneXpert. Nchi yetu ina mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu mwaka 1977 na dawa ni bure. Ile ya mifupa huchukua muda mrefu kuliko miezi 6 iliyozoeleka kwa mapafu, mara nyingi hufika mwaka, lakini inapona. Inayosikitisha ni ile iliyochelewa hadi kiungo kimeliwa.

La pili ni bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika mimba ya mnyama iliyotoka. Zamani ukanda huu haukuwa wa ng'ombe wengi. Lakini baada ya mifugo kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, makundi yamezidi kuonekana kusini. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yachemshwe. Bruselosi huleta homa inayokuja na kuondoka, uchovu na maumivu ya viungo, na moja ya sehemu inazozipenda ni hicho kiungo cha nyuma cha nyonga. Kwa kuwa homa inafanana na malaria, mgonjwa hupewa dawa za malaria mara tatu, mara nne. Daktari asipoambiwa kuhusu maziwa au mifugo, hataulizia kipimo chake.

La tatu ni sikoseli, yaani seli mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Chembe za damu zilizojikunja kama mundu huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja ni rahisi kukosa damu na kuanza kufa. Kijana anachechemea, anaumwa kinena, hawezi kuchuchumaa. Wazazi wanasema ni maumivu yale yale ya siku zote. Si yale yale. Maumivu ya sikoseli yanayohamahama ni jambo moja. Maumivu yanayobaki mahali pamoja wiki baada ya wiki, hasa yakiambatana na homa, yanataka kuchunguzwa, kwani yanaweza kuwa mfupa unaokufa au usaha ndani ya mfupa.

La nne linawahusu akina mama. Wakati wa ujauzito mishipa inayofunga fupanyonga hulegea ili mtoto apate njia. Ule muungano wa mbele kwenye kinena hutanuka kidogo. Kwa baadhi ya wanawake hutanuka kupita kiasi, zaidi ya milimita 10, na mama hawezi kugeuka kitandani wala kupandisha mguu kwenye ngazi. Anatembea kama bata, na watu wanamcheka. Si uvivu. Mama zetu wana desturi ya kufunga tumbo kwa kanga baada ya kujifungua. Mshipi wa nyonga hukaa chini zaidi ya hapo, usawa wa pale vichwa vya mapaja vinapojitokeza pembeni, na mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kumwonyesha namna ya kuufunga. Wengi hupona bila upasuaji.

Akina mama hao hao wana hali nyingine, ambayo jina lake la kitaalamu ni refu: ostaitisi kondensansi. Baada ya uzazi, mfupa wa nyonga ulio jirani na kiungo cha nyuma hukomaa na kuwa mgumu. Kwenye picha unaonekana kama pembetatu nyeupe, kwa kawaida pande zote mbili, huku kingo za kiungo chenyewe zikiwa nyororo na nafasi yake ikiwa imebaki. Vipimo vya damu huwa vya kawaida. Hali hii haiui, haigeuki saratani, na kwa wengi hutulia yenyewe kwa mazoezi na muda. Hatari yake ni kusomwa vibaya. Mtu asiyeizoea anaweza kuona weupe ule akafikiri ni saratani au kifua kikuu. Fikirieni mama ameambiwa ana saratani ya mfupa na familia imeuza shamba, kumbe ni alama iliyoachwa na uzazi. Kujua kwamba ugonjwa si mkubwa nako ni matunda ya uchunguzi.

La tano ni la wazee wetu. Mzee wa miaka 60 au 70 ambaye hajawahi kulalamika mgongo, sasa haulali usiku kwa maumivu ya kiuno na nyonga, na mkojo unatoka kwa shida. Saratani ya tezi dume inapenda kwenda kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Kwa bibi, saratani ya matiti inaweza kufanya vivyo hivyo, na ile ya mlango wa kizazi huleta maumivu ya kiuno inapoenea ndani ya nyonga. Pia mfupa wa bibi aliyezeeka unaweza kupata ufa kwenye sakramu baada ya kuanguka kidogo tu, na ufa huo mara nyingi hauonekani kwa eksirei ya kawaida.

Dalili za kututoa nyumbani

Naomba wajumbe mziandike hizi. Mgonjwa wa kiuno asisubiri ikiwa ana homa au anapungua uzito bila sababu. Ikiwa maumivu yanazidi usiku na hayapungui kwa kulala. Ikiwa yamedumu zaidi ya wiki sita na yanaongezeka. Ikiwa ana historia ya kifua kikuu, saratani, sikoseli au anaishi na VVU. Ikiwa yalianza baada ya kuanguka, kwa mfano kutoka kwenye mnazi. Au ikiwa yameanza kwa mara ya kwanza akiwa mtoto au mzee.

Ipo moja ambayo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mtu mwenye maumivu ya kiuno akipata ganzi sehemu za siri na makalioni, akashindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikaanza kukosa nguvu, asilale nyumbani hata usiku mmoja. Mishipa ya fahamu inabanwa, na saa zinahesabika.

Uchunguzi unaendaje

Watu wengi wanadhani uchunguzi ni mashine. Uchunguzi huanza kwa mazungumzo. Maumivu yako wapi, onyesha kwa kidole kimoja. Yalianza lini? Usiku yakoje? Umezaa lini? Unakunywa maziwa gani? Kuna anayekohoa nyumbani? Maswali hayo hayana gharama, na hugawa wagonjwa kuliko mashine yoyote.

Kisha mikono ya mtaalamu. Mgonjwa analala chali, kifundo cha mguu mmoja kinawekwa juu ya goti la pili kama tarakimu 4, na goti linasukumwa chini taratibu. Maumivu yakisikika kwenye kinena, tunafikiria kiungo cha paja. Yakisikika nyuma juu ya kalio, tunafikiria kiungo cha nyuma cha nyonga. Yapo majaribio mengine ya kubana na kutanua nyonga. Hakuna hata moja linalotosha peke yake. Yakikubaliana matatu au zaidi, shaka inapata nguvu.

Baada ya hapo damu: wingi wa damu, ESR inayoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini, kipimo cha VVU, cha sikoseli, cha bruselosi, na kwa mzee kipimo cha PSA. Mkojo nao upimwe, kwa kuwa figo na kichocho, ambacho pwani tunakijua, vinaweza kujifanya kiuno.

Ndipo picha. Kama shaka iko kwenye nyonga, eksirei iombwe ya nyonga nzima kutoka mbele, maana inaonyesha viungo vyote vya nyuma, kinena na vichwa vya mapaja kwa pamoja. Mama aliye mjamzito aseme mapema. Na tuelewe kwamba eksirei huchelewa: mfupa unaweza kupoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla picha haijaonyesha. Kwa hiyo picha safi ya mwezi wa kwanza si cheti cha uzima. Dalili zikiendelea, picha irudiwe au mgonjwa apelekwe kwenye CT au MRI. MRI huona ugonjwa mapema, CT huonyesha mfupa kwa undani. Mwisho, palipo na shaka ya maambukizi au saratani, kipande kichukuliwe kipimwe. Mgonjwa asianzishiwe miezi ya dawa kali kwa kukisia tu ikiwa kipimo kinaweza kupatikana.

Ngazi zenyewe mnazifahamu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2023. Kwa upasuaji mkubwa wa mifupa ipo Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, na kwa saratani ipo Taasisi ya Ocean Road, zote Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa.

Kinachotuchelewesha

Sisemi haya kwa kumlaumu mtu. Mgonjwa kwanza anakandwa kwa maji ya moto. Hilo halina ubaya. Kisha anapigwa chuku, anachanjwa chale. Kisha anachomwa sindano ya diklofenaki kila wiki, ambayo ikizidi inaumiza tumbo na figo. Kisha anauziwa vidonge vya "dawa ya mgongo" visivyo na jina, na baadhi ya vidonge vya namna hiyo huwa ni steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Mtu anajisikia mzima kwa siku chache. Lakini steroidi zikitumika muda mrefu bila usimamizi hudhoofisha mfupa, huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja, na huficha maambukizi yanayoendelea kula ndani. Ukipiga hesabu ya fedha zote hizo, zingetosha kwa vipimo vya mwanzo. Wengine wameshauza korosho kwa kangomba zikiwa bado juu ya mti.

Kamati na wafadhili wafanye nini

Kwa kamati, nina maombi matatu. Kwanza, kila kigango kiwe na mtu mmoja anayezijua dalili nilizozitaja na kuwatembelea wanaougua kiuno zaidi ya wiki sita. Pili, mgonjwa akipelekwa, aende na karatasi yenye historia: maumivu yalianza lini, dawa alizotumia, vipimo alivyofanya. Na picha za zamani zisitupwe, kwani daktari hupata mengi kwa kulinganisha ya jana na ya leo. Tatu, mfuko wa wagonjwa utenge fungu la nauli na vipimo. Familia nyingi hupata fedha ya dawa hapa kidogo, pale kidogo. Inayowashinda ni ile ya mara moja: nauli ya watu wawili kutoka Mahurunga au Kilambo, kipimo, chakula na mahali pa kulala wakisubiri majibu.

Kwa wafadhili wetu, nasema kwa heshima. Tunajua ni jambo zuri kununua kitu kinachoonekana na kubandikwa jina. Lakini mashine isiyo na msomaji wa picha, fundi wala umeme wa uhakika ni sanduku. Msaada utakaowafikia wagonjwa hawa haraka ni ule wa safari ya rufaa, wa kipimo cha kipande cha mfupa, wa mafunzo ya wiki chache kwa tabibu wa kituo cha afya na mtaalamu wa mazoezi tiba, na wa kumfuatilia mgonjwa akirudi. Mambo haya hayapigiki picha vizuri, lakini yanahesabika. Kamati iandike kila robo mwaka ni wagonjwa wangapi walipelekwa, wangapi walipata jibu, na jibu hilo lilikuwa nini. Hata "hana ugonjwa wa hatari" ni jibu, nalo liandikwe.

Ndugu zangu, hatuwezi kumtibu kila mtu mwenye maumivu ya kiuno, na wengi hawahitaji tuwatibu. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba yule mmoja kati ya kumi hapotei katikati ya wenzake tisa. Kabla ya kikao chenu kijacho, pitieni majina ya wagonjwa wa kigango chenu. Muulizeni kila mwenye kiuno kisichopona maswali yale ya dalili. Mkimpata mwenye hata moja, msisubiri robo mwaka iishe.